Ufukwe Usio na Mlango

Papa yangu, Guylain Kyungu, hakuwahi kufika Italia, lakini fukwe za bure za mji mmoja mdogo wa huko, Roccamara, alizijua kuliko mitaa ya Brussels. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka cha hospitali moja ya Brussels, mtaa wa Jette, na mwenzake wa zamu, Antoine, alikuwa na mama aliyezaliwa katika mji huo. Antoine ndiye aliyemweleza kwamba sehemu kubwa ya pwani ya kule imekodishwa. Unalipia mwavuli, unalipia kiti, na miavuli yenyewe imepangwa safu kwa safu kama wanafunzi mstarini. Lakini katikati ya sehemu hizo, na mbele zaidi ambako basi hugeuzia, zimebaki fukwe ambazo mtu yeyote hutandika kitenge chake na kukaa.

Papa alilipenda sana jambo hilo. "Bahari haina mulango," alikuwa akisema. "Muntu akikuomba ulipe ku mulango, ujue ule mulango aliuleta yeye mwenyewe."

Basi kila majira ya baridi, Jumapili tukitoka kanisani, alifungua kompyuta mezani, akamwita Maman, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mujinga, wakaanza kuchagua. Huu una mchanga laini lakini hauna kivuli. Ule una misonobari, lakini choo kiko mbali, na Maman hapendi kukaa mbali na choo. Walibishana kana kwamba wanaondoka kesho yake. Kiangazi kilipofika, ilizuka sababu: msiba nyumbani Lubumbashi, masomo yangu ya chuo kikuu, paa la nyumba ya bibi. "Mwaka kesho," Papa alisema, na hakuonekana kuhuzunika. Nadhani kuchagua kwenyewe kulimpa raha.

Majira ya baridi ya mwisho aliamua. Ulikuwa ufukwe mdogo chini ya miamba, mwisho wa njia ya basi. Aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole. "Mujinga, angalia hapa. Kuume kuna mawe. Utapitia kushoto, pole pole, nitakushika mukono."

Kiangazi kilichofuata aliugua. Mwezi wa Novemba 2011 tulimzika.

Maman alivaa nyeusi. Kwetu, mjane haondoi nguo za matanga kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka ukitimia, wanawake wa upande wa mume humvua, humwosha, humvika kitenge kipya, na hapo ndipo anaporudi kati ya watu. Katika familia yetu mkono huo ni wa dada mkubwa wa marehemu, yaani shangazi yangu, Tante Euphrasie, anayekaa mtaa wa Molenbeek karibu na mfereji, mwanamke ambaye hata padri humsalimu kwa tahadhari.

Septemba iliyofuata, familia ilikutana sebuleni kwetu kupanga siku hiyo. Maman, ambaye kwa miezi yote hiyo hakuwa ameomba kitu chochote, alisema jambo moja tu, akimwita wifi yake Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Euphrasie, nilitaka unioshe mu bahari. Kule Guylain alichagua."

Mimi nilikuwa nimepata shahada yangu mwezi wa Juni, na niliamini kwamba hakuna jambo linaloshindikana likielezwa vizuri. Nilikuwa nimetayarisha picha kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu.

"Bon," Tante akasema, akivaa miwani. "Onyesha hiyo bahari yenu."

Nikaonyesha picha ya kwanza.

"Ah! Na hawa bantu, nguo zao ziko wapi?"

"Tante, ni ufukwe."

"Minaona ni plage. Minauliza nguo."

Tonton Mukendi, kaka yake Maman, alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. "Yaya, banaanika mwili tu. Jua lao ni kidogo."

"Weye Mukendi, nyamaza. Mi niko na kilio ya ndugu yangu, weye unaangalia matako ya Baitaliano."

Picha ya pili ilikuwa ya kipande chembamba cha mchanga kati ya fukwe mbili za kulipia. Tante alitikisa kichwa. "Miavuli huku, miavuli kule, na siye katikati tunamuvua muke ya muntu nguo ya matanga? Batafikiri tunauza vitenge. Batatufukuza."

Picha ya tatu ilikuwa ya ufukwe wa Papa. Hapakuwa na mtu, ila maji tu, mchanga kidogo na miamba. Tante aliisogelea kompyuta.

"Hii njo ile Guylain alichagua?"

"Ndiyo, Yaya," Maman akajibu. "Alisema kuume kuna mawe, tupitie kushoto."

"Guylain na kupanga!" Tante alianza kucheka. "Muntu hata kuogelea hajui, anapangia bantu njia ya kuingia mu maji." Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

Nilidhani tumeshinda. Nilieleza kwamba hata mwezi wa Novemba maji huwa hayajapoa sana. Nilieleza ndege, basi, kwamba watu watakuwa wameshaondoka, kwamba hapahitajiki ruhusa ya mtu kwa sababu ukingo wa bahari ni wa watu wote. Tante aliniacha nimalize, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Inès, mutoto ya ndugu yangu. Umesoma, na unasema muzuri. Alors mi nikuulize. Nani aliosha baba yako?"

Sote pale tulijua. Tulipoitwa kumwona Papa, watu wa mazishi walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika suti. Walikuwa wamemchana nywele upande, jinsi ambavyo hakuwahi kuchana maisha yake yote. Tulisimama pembeni, tukashukuru, tukaamini kwamba katika nchi hii ndivyo inavyofanywa.

"Warda, jirani yangu, alifiwa na baba yake mwezi wa tatu," Tante akaendelea. "Bamemuosha bao wenyewe, batoto yake. Nikamuuliza, bantu ya mazishi bamekubali? Akaniambia, mais Madame Euphrasie, unaomba tu. Kuomba tu! Na siye tulikuwa pale tumenyamaza kama bantu bageni." Aligeuka kumtazama Maman. "Nilikuwa na sabuni mu sac ya mukono, Mujinga. Ile siku. Nilirudi nayo ku nyumba."

Tonton Mukendi aliweka kikombe chini bila kelele.

"Mwili ya ndugu yangu sikuigusa," Tante akasema. "Nilimubeba mugongoni akiwa mutoto, na siku ya mwisho sikumugusa. Wa kuosha, amebaki weye peke yako. Minataka nikuoshe kwangu, mulango imefungwa, na ile sabuni. Si mu inchi ya bantu, mbele ya miavuli."

Maman aliitazama picha kwa muda mrefu. Niliomba moyoni Maman akatae. Nilisema, "Maman, una haki ya—"

"Inès," Tonton akanikatiza kwa sauti ya chini.

Maman alinyoosha mkono, akaifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika sufuria.

"Sawa, Yaya. Tutakuja kwako."

Nilikimbilia jikoni kuosha vikombe ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea. Maman alinifuata, akafunga bomba.

"Umekasirika."

"Ni wewe uliyeitaka bahari, Maman. Ni jambo moja tu uliloomba, mwaka mzima."

"Ndiyo, niliitaka." Alichukua kitambaa, akaanza kunikausha mikono kidole kwa kidole, kama nilipokuwa mdogo. "Mi nilibaki na picha, yeye alibaki na sabuni. Sasa unataka tushindane?"

Nililia mimi. Yeye hakulia. Hakuwa amelia mbele yetu tangu makaburini.

Siku yenyewe, Novemba, mvua ilinyesha Molenbeek tangu asubuhi. Wanawake wa familia walijaa kwenye korido ya Tante wakiimba kwa sauti ya chini ili wasiwasumbue majirani. Bafu lake ni dogo; waliingia yeye na Maman, nami niliruhusiwa kusimama mlangoni nikishika kitenge kipya, cha bluu.

Tante alifungua kilemba cheusi kwanza, kisha blauzi, kisha kitenge. Alifanya hivyo bila haraka, akitaja jina la ndugu yake kwa kila nguo iliyoanguka. Mama yangu alikuwa amekonda kuliko nilivyojua. Juu ya sinki palikuwa na sabuni, bado ndani ya karatasi yake, kona zimechakaa kwa kukaa mkobani. Tante alifungua bomba, akalijaza beseni la kuogea. Akageukia mlangoni.

"Inès! Niletee chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi ya kupikia. Ile kopo yote."

Niliileta. Aliimwaga kwa kiganja, konzi kwa konzi, akakoroga maji kwa mkono, akaonja kidole, akaongeza tena, kama anayepikia wageni wengi.

"Mujinga. Maji ya kule ni ya moto?"

Maman aliyatazama maji. "Guylain alisema ni ya vuguvugu."

Tante akafungua bomba la moto, akatia kiwiko majini kama anayepima maji ya mtoto mchanga, akafunga. Maman aliweka mkono mmoja begani mwa Tante. Aliinua mguu ili aingie, mguu ukabaki hewani. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kikubwa, cha mwaka mzima, hata nyimbo za korido zikakatika. Nilisogea nimsaidie, lakini Tante alikuwa amekwisha kumshika kiuno kwa mikono yote miwili, na yeye pia machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Njoo," alimwambia. "Pole pole. Pitia kushoto. Kuume kuna mawe."