Sentensi ya Tarehe Tisa

Sheria ya tatu ya Karakana aliiandika Nzilani kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomkera zaidi baadaye. Sheria ilisema hivi: hakuna kufuta. Ukikosea katika daftari la wazi, sahihisha, lakini kosa lako libaki palepale kila mtu alione.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa pale Kola, kilichokuwa stoo ya viti vibovu kabla ya watu watatu kukiomba. Watatu hao ni Nzilani, aliyefanya kazi katika saiba, yaani duka la intaneti, mjini Machakos miaka minane. Makau, fundi wa redio na simu. Na Syombua, mwalimu wa shule ya msingi asiyependa mzaha saa za kazi. Huokota kompyuta kuukuu zilizotupwa na maofisi, wakazitia programu huru, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua aone zilivyoundwa, na kumgawia jirani bila kupigia kampuni magoti. Jumamosi huwafundisha akina mama wa vikundi vya kilimo kuzikataa programu za simu zinazotaka kujua majina ya jamaa zao wote. "Mtu anataka kukuuzia mbegu," Syombua huwauliza, "namba ya shemeji yako ni ya nini?" Akina mama hucheka, halafu huzing'oa mojamoja.

Na daftari la wazi ndilo lililokuwa fahari yao. Kila mkutano, kila neno lililosemwa, liliandikwa na kuwekwa mtandaoni siku hiyohiyo, asome anayetaka. Makau ndiye aliyelisisitiza. Zamani alikuwa katika kikundi cha vijana ambacho mwenyekiti wake alizibadilisha kumbukumbu kimyakimya, hata mkutano unaofuata ukafika mkakuta mliyokubaliana hayapo. Kikundi kikavunjika, marafiki wakawa hawasalimiani hadi leo. Kwa hiyo daftari la Karakana lilihifadhi kila badiliko, na tarehe yake, na jina la aliyelifanya. Nakala zake zilikaa katika kompyuta za wote watatu. Mmoja akichezea historia, kompyuta za wenzake zingepiga kelele papo hapo.

Sasa mwezi wa nane kamati ya kanisa ikasema haitaki tena maneno ya mdomo. Kama Karakana inataka kile chumba, yaandikwe makubaliano, na yatiwe sahihi na mwenyekiti wa kamati, Mzee Bartholomew. Wale watatu wakakutana tarehe tisa kupanga, na Nzilani, aliyekuwa mwandishi wa siku hiyo, akaandika: Mzee Bartholomew hajui kusoma. Tumsomee makubaliano tukiwa peke yetu naye, asiaibike.

Haya basi. Aliandika neno asiaibike mahali ambapo dunia nzima inaweza kufungua ikasoma. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Mkutano ulikuwa mrefu, chai ilikuwa imeisha, na mkono ulikuwa umezoea kuandika kila kilichosemwa. Wenzake waliitikia kwa kichwa, wakaenda zao.

Yeye alijuaje? Ni kazi ya saiba. Mzee alikuwa akija kujaziwa fomu za serikali, na kila mara alikuwa amesahau miwani nyumbani. Siku moja aliombwa karatasi ya shamba akatoa bili ya stima, akaisukuma mezani kwa uhakika wote. Nzilani aliitazama, akamtazama mzee, akasema tu kwamba hiyo nyingine ataileta wakati mwingine. Hakumwambia mtu mpaka mkutano ule wa tarehe tisa. Na ilikuwa siri nzito, kwa sababu Mzee Bartholomew ndiye msomaji wa Zaburi pale kanisani tangu Nzilani hajazaliwa. Marehemu mkewe, Munyiva, alikuwa akimsomea kila Jumamosi mpaka inamwingia kichwani, na Jumapili mzee alisimama na Biblia ya Kikamba imefunguliwa, akaitoa yote bila kukwaa. Tangu Munyiva afariki, miaka miwili sasa, mzee amekuwa akirudia Zaburi tano zilezile. Waumini husema ni majonzi.

Siku ya Programu Huru, sherehe ya Karakana ya kuonyesha kazi yao, ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ilipofika Alhamisi, Makau alieleza mpango wake: angewasha projekta ukumbini mbele ya kamati na kanisa zima, aonyeshe daftari ukurasa kwa ukurasa, wazee waone kwamba Karakana haifichi kitu. Kisha mwenyekiti atie sahihi. Nzilani alikuwa akifuatilia huku akipitia kurasa, na alipofika tarehe tisa akaiona sentensi yake.

Akafanya ambacho angefanya mtu yeyote aliyeshikwa na hofu. Akasahihisha. Sentensi ikatoka ukurasani, lakini kwa kuwa daftari halisahau, ikabaki pembeni katika historia, imepigwa mstari na kupakwa rangi nyekundu, na jina lake chini. Mwanzo ilikuwa imejificha kati ya maneno mia tatu. Sasa hata mtu aliyekaa nyuma karibu na mlango angeiona.

"Makau," alisema, "hiyo sehemu ya historia, si uiache tu? Onyesha kurasa zenyewe."

"Historia ndiyo yenyewe. Kurasa safi kila mtu ako nazo."

"Kuna sentensi inamhusu mtu."

Makau alivuta kompyuta, akasoma, akairudia sentensi mara ya pili. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hilo lijulikane. "Hii si tusi," alisema hatimaye. "Ni ukweli, na uliandika kwa wema."

"Ni ukweli wa nani? Huo ni wake. Mimi niliuchukua tu."

"Nzilani, sheria ni yako. Leo wewe unafuta kwa huruma. Kesho akija mwingine afute kwa ujanja, tutamwambia nini? Tukifuta moja hatuna daftari, tuko na hadithi." Syombua alipoulizwa alisema anamhurumia mzee sana, lakini alikubaliana na Makau. Labda, alisema, wazee hawatakuwa wepesi wa kusoma.

Nzilani alikaa na jambo hilo siku nzima. Aliwaza namna kanisa litakavyogeuka kumtazama mzee, na namna zile Zaburi za miaka yote zitakavyogeuka kuwa kichekesho cha sokoni. Yeye, anayewafundisha akina mama kwamba habari zako ni zako, ndiye aliyezitoa habari za mtu nje. Aliona haya, haya hasa, ile ya kumfanya mtu akose hamu ya chakula.

Funguo za kompyuta mama, ile iliyobeba daftari lenyewe, zilikuwa mbili, kila moja katika kifaa kidogo cha kuchomeka, kimoja cha Makau na kimoja chake. Ijumaa saa tisa mchana alichomeka chake, akaingia chini ya daftari, akaing'oa sentensi ya tarehe tisa pamoja na historia yake. Kisha akaandika mpya: Mimi, Nzilani, nimefuta sentensi moja niliyoiandika mwenyewe. Sitasema ilisema nini. Ilimhusu mtu ambaye hakuombwa ruhusa.

Kompyuta za wenzake zilipiga kelele kabla hajanywa maji. Makau alikuja kwa pikipiki kutoka mjini, vumbi hadi kwenye nyusi, pamoja na Syombua nyuma yake. Hakufoka. Afadhali angefoka. Wote watatu waliifuta sentensi hiyo katika nakala zao, kwa kuwa lililokwisha kufanyika halina maana kubaki nusu, kisha Makau akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

Nzilani aliutoa shingoni akampa. Miaka minne aliuvaa hata kanisani. Syombua aliinama akaendelea kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nzilani alipangiwa meza ya chai na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, karibu na mlango. Mzee Bartholomew aliingia na suti yake ya kahawia, akampa mkono. "Wakya," alimsalimu. "Aa," Nzilani aliitika, akishindwa kumtazama machoni. Mzee akaenda kukaa mbele.

Makau alieleza vizuri, lazima isemwe. Watu walielewa kwa nini ni muhimu kuijua programu inayokujua. Akaonyesha daftari, rangi nyekundu na kijani, nani alisema nini na nani alibadilisha nini, na wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa, wameridhika. Hakuruka ukurasa wowote. Alipofika tarehe tisa alipita bila haraka na bila kuchelewa, lakini katibu wa kamati, mama mmoja aitwaye Pauline aliyestaafu kazi ya mahakama, akainua kalamu.

"Rudi hapo. Hapo pameandikwa mtu alifuta. Palikuwa na nini?"

Makau akamtazama Nzilani. Ukumbi mzima ukafuata macho yake mpaka kwenye meza ya chai.

Nzilani aliweka birika chini. "Ni mimi nilifuta," alisema. "Na niliandika kwamba sitasema."

"Mnatuambia hamfichi kitu," Pauline alisema, bila ukali, kama mtu anayesoma faili. "Na wiki hii tu mmeficha. Sasa kamati itie sahihi gani?"

Minong'ono ikaanza. Mtu nyuma akasema labda ni mambo ya hicho chumba, labda kuna kinachofanyika humo. Mwingine akasema aliwaambia tangu zamani. Makau angeweza kuokoa Karakana kwa maneno matatu, na Nzilani alimwona akiyashika mdomoni, akiyageuza, akikataa kuyatoa.

Mzee Bartholomew ndiye aliyesimama.

"Pauline, kaa," alisema. "Hapo paliandikwa kwamba mimi sijui kusoma."

Hakuna aliyecheka. Mzee alishika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Walinitumia ujumbe wa mwaliko, na ndani ilikuwa anwani ya hii daftari yao. Mjukuu wangu Emily alikuja Jumanne kutoka Syokimau, nikamwambia anisomee yote, nijue ni watu gani wanataka chumba ya kanisa. Akafika hapo akanyamaza. Nikamwambia endelea." Alipumua. "Siku nne nimejitayarisha. Nilijua leo itawekwa ukutani mbele yenu, na mimi nitakuwa nimekaa hapa, na itakuwa imekwisha. Sikulala vibaya, mnaniamini? Nililala kama mtoto. Sasa nakuja nakuta mtu ameniondolea, imebidi niseme mwenyewe."

Akaichukua ile karatasi ya makubaliano kutoka meza ya mbele. Aliitazama kwa muda, mbele na nyuma, bila kutafuta miwani. Kisha akatembea katikati ya ukumbi, taratibu, mpaka kwenye meza ya chai, akavuta kiti.

"Mwiitu, binti yangu," alimwambia Nzilani, "nisomee. Kwa sauti, hata wao wasikie."

Nzilani aliipokea karatasi. Alitaka kwanza kumwomba msamaha, na alitaka kumwambia kuhusu ufunguo, lakini mzee alikuwa amekwisha kukaa vizuri na kutega sikio. Basi akaanza kusoma.