Macho Mapya ya Bi Wadha

"Upande wa kulia!" Desai, mtembezaji wa wageni, alinguruma kwa Kihindi kwenye kipaza sauti, na Marhoun akatafsiri: "Upande wa kushoto!"

Wagonjwa tisa wa Sharqiya waligeuza shingo kwa pamoja, wakautazama kwa heshima zote ukuta wa choo cha umma.

"Mashallah," alisema Musallam, muuza mbuzi wa Sinaw aliyeletwa Bombay kwa ajili ya mgongo. "Jumba la mfalme gani hili?"

Basi zima liliangua kicheko. Marhoun naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuja nyuma ya wenzake, kikichechemea. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa shati, palipokuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Umemeza kufuli leo?" aliuliza Bi Kaltham, mwenye goti bovu na ulimi mzima. "Jana umesema mpaka tukakuomba mapumziko."

"Nawawekea akiba, Bi Kaltham. Wiki bado ndefu."

Marhoun alikuwa farrashi katika ofisi moja ya serikali pale Ibra. Alipika chai, alibeba mafaili, na juu ya yote alipeleka barua: Sinaw, Jalan, hata milimani Dima wa Tayyin, ambako gari likikataa alikodi punda, na punda akikataa alikwenda kwa miguu akimtukana punda. Miaka saba, hakuna barua iliyolala mfukoni mwake. Walimtuma na wagonjwa kwa sababu alijua Kihindi. Kihindi chenyewe alikiokota Unguja ujanani, akichana tikiti mlangoni mwa sinema, kwa hiyo hata alipomuuliza daktari dawa inywewe mara ngapi, sauti yake ilikuwa ya mwana aliyepotezana na mamake miaka ishirini. Manesi walimpenda sana.

Karatasi ile ilikuwa telegramu, alipewa asubuhi na karani wa hoteli, kabla hata ya chai.

BABA AMEFARIKI JUMATATU. TUMEMZIKA. MJULISHE MAMA. AZZAN.

Azzan alikuwa mtoto pekee wa Bi Wadha, na Bi Wadha huyo hapo, kiti cha mbele, pua imegandana na kioo. Miaka minne mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili. Juzi ndiyo kwanza walimfungua bendeji, wakamvisha miwani minene kama vitako vya chupa, na tangu hapo hakuna kilichompita. Kunguru! Ng'ombe katikati ya barabara! Mwanamme kalala juu ya mkokoteni kwa raha zake!

"Khelef hatoniamini," alikuwa akisema juu ya mumewe. "Wallahi nikishuka uwanja wa ndege, yeye wa kwanza kumtazama. Miaka minne namjua kwa kikohozi tu. Nataka niuone huo uzee wake."

Daktari alimshika Marhoun bega siku ile ya bendeji. Nyuzi bado mbichi, alisema. Siku kumi asiiname, asibebe kitu, na asilie. Khasa hilo la mwisho. Akilia, tumefanya kazi bure.

Basi Marhoun alikuwa na amri mbili zinazovutana kanzu yake huku na huku, ya mtoto na ya daktari. Na nyuma yao ilisimama ya tatu, iliyomtia baridi katika joto lile. Eda haingoji telegramu. Ilianza Jumatatu, pale pale roho ilipotoka. Leo ni Jumatano, na mjane yumo ndani ya basi la matembezi, amejitia udi, bangili sita za dhahabu mkononi, anaucheka ukuta wa choo. Dhambi hiyo, Marhoun alijiuliza, inaandikwa kwa jina la nani?

Sokoni Bi Wadha alisimama mbele ya duka la vitambaa kama aliyepigwa kofi.

"Hii ndiyo nyekundu?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeisahau, Marhoun. Nikiikumbuka, inanijia kama hudhurungi." Aliuburura upande wa kitambaa mpaka kwenye miwani. "Nitashona nguo ya kurudia nyumbani. Khelef ataipenda?"

Muuza duka alingoja. Bi Kaltham alingoja. Hata nzi walionekana kungoja.

"Chukua, Bi Wadha."

"Sikukuuliza nichukue."

"Chukua, inakupendeza."

Alimtazama kidogo, kisha akachukua. Marhoun alibeba furushi, na lilikuwa zito kuliko kitambaa.

Adhuhuri basi lilipanda kilima, kwenye bustani iliyo juu ya bahari. Vichaka vilikuwa vimekatwa kwa maumbo ya wanyama, na Musallam alikizunguka kichaka chenye umbo la ng'ombe akimtafutia kasoro, kwa mazoea. Nyuma ya miti mirefu ndege wakubwa walikuwa wakizunguka polepole, bila kupiga bawa.

"Wale nini?" aliuliza Bi Wadha.

Desai alieleza. Marhoun alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Anasema ni ndege."

"Kasema maneno yote hayo, ndege tu?"

"Kihindi kina maneno mengi."

"Mimi nimekaa mtaa mmoja na Waparsi Unguja," alisema Bi Wadha taratibu. "Najua huwawekea ndege maiti wao. Kwa nini unanificha ndege, mwanangu?"

Marhoun alitafuta mzaha. Kawaida ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono tu, mzaha huo hapo. Leo rafu ilikuwa tupu. Alijikuta ameshika mfuko wa shati, na aliposhusha mkono, ile miwani minene ilikuwa imeshuka nao.

Jioni walishushwa kwenye lango kubwa la mawe ufukweni. Mpigapicha mmoja aliwarukia, akampanga Bi Wadha mbele ya lango, kitambaa chekundu begani, bangili juu ya buibui. "Nimpelekee mzee," alisema, akajinyoosha. Mpigapicha aliinama, akatazama, akainua kichwa na kumwambia Marhoun kwa Kihindi: mwambie mama acheke.

Neno moja tu. Marhoun alifungua kinywa. Barua zote za miaka saba alizifikisha, hata zile za punda. Neno hili halikutoka. Alisimama kinywa wazi kando ya kamera, na Bi Wadha, kwa macho yanayoona sasa hata kinyweleo, alikuwa akimtazama usoni.

Kamera ililia, ta!

Bi Wadha aliondoka langoni akamjia. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ilikuja leo?"

"Asubuhi."

"Usinitajie jina. Ukilitaja nitalia." Alivuta pumzi. "Nambie kitu kimoja. Nani aliyeandika?"

"Azzan."

"Kwa mkono wake? Jina lake lipo?"

"Lipo, Bi Wadha."

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha midomo yake ikaendelea kwenda bila sauti, kwa muda mrefu.

Wachuuzi waliwapita na karanga, watoto walikimbiza njiwa. Alipomaliza alianza kuzivua bangili, moja baada ya moja, akazitia katika mkoba. Zilikuwa zimezoea pale; ya mwisho alihangaika nayo.

"Kulikoni?" Bi Kaltham aliuliza, akija anachechemea.

"Mkono umevimba. Joto la kwao hawa." Aliliteremsha lile buibui mpaka kwenye vidole, akakitoa kitambaa begani na kumpa Marhoun. "Hiki mpe mkeo Shukriya. Yeye ana pa kukivaa."

"Bi Wadha, mimi sijapata kulaza barua ya mtu hata..."

"Daktari kasema siku ngapi?"

"Kumi."

"Leo ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi iache hapo hapo ilipo. Siku ya kumi utanisomea." Alianza kuelekea kwenye basi, akageuka. "Na ile picha usiifuate."

Taa za barabara zilikuwa zinawaka basi lilipoanza kurudi. Desai, aliyelipwa kwa siku nzima na hakuwa mtu wa kudhulumu, alishika tena kipaza sauti. Marhoun aliendelea kukikunja kile kitambaa chekundu. Kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka, sauti ilisema:

"Tafsiri, Marhoun. Watu wamekuja kutembea."

"Upande wa kushoto," alisema Marhoun, na safari hii ulikuwa kushoto kweli, "kuna stesheni kubwa ya treni."

Shingo nane ziligeuka. Bi Wadha hakugeuka. Alikuwa ameketi wima, ameinua uso kuelekea dari ya basi, na nyuma ya miwani macho yake mapya yalikuwa wazi kabisa, yamejaa pomoni, hayapepesi. Basi lilikanyaga shimo. Vichwa vyote vilitikisika, isipokuwa kile cha mbele.