Majeneza Mawili Makupa

Mzee Barakat aliacha wasia mmoja tu: "Nikifa, Salem ndiye anipokee kaburini. Asinilaze mtu mwingine." Salem, mwanawe wa pekee, akamwapia. Kiapo cha mtoto kwa babake, ni mchezo huo?

Siku alipofariki, walitoka naye Changamwe baada ya adhuhuri, kumzika kwa wazee wake kisiwani. Na jeneza letu, bwana, halina mwenyewe. Kila apitaye hutia bega hatua mbili tatu apate thawabu, na aliyekuwapo husukumwa nje. Ndivyo alivyosukumwa Salem, palepale kwenye tuta la Makupa, bahari huku na huku. Kugeuka, lo! Malori ya kampeni yameziba njia, honi na ngoma, na nyuma limekuja jeneza jingine la watu wa Port Reitz, nalo lina shuka ya kijani vilevile. Watu wakavurugika.

"Letu lipi?" Salem aliuliza.

"Hilo!"

"Siyo, lile!"

Akatia bega jeneza lililokuwa karibu, basi.

Mavani makaburi mawili yalikuwa yamechimbwa jirani. Salem akashuka, shuka ikatandwa juu, akanyoosha mikono. Maiti akaja mwepesi. Barakat alikuwa pande la mtu. Huyu mifupa mitupu.

"Huyu si babangu! Wallahi si yeye!"

"Mche Mungu, mwanangu," shehe alimjibu kutoka juu. "Hiyo ni huzuni."

Salem akachomoza kichwa. Kaburi la pili lilikuwa limeshafukiwa. Shehe alipofahamu, akashika ndevu: aliyekwisha kuzikwa hafukuliwi. Salem alitamani kupiga mayowe. Lakini maiti yumo mikononi mwake, atamtupa? Akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamfungua kamba za sanda, akamweka shavu mchangani, huku analia kwa hasira.

Kutoka, akamkuta Aidarus, mwana wa yule marehemu wa Port Reitz, ameketi chini, mikono imejaa udongo. Ndiyo kwanza ameambiwa.

"Ulimlaza vipi?" Salem alimuuliza.

"Kama babangu mzazi. Nikauona uzito, nikadhani ni simanzi. Nilimwomba radhi sikioni, ndugu yangu, maana miaka mingi tulikuwa hatusemezani. Sasa nimemwomba nani?"

Salem hakujua amkabe koo au amkumbatie. Kiapo chake kimevunjika, na babake amelazwa na mtu aliyelia kumshinda yeye.

"Amekuwia radhi," akasema, na wala hakujua amemjibia mzee yupi.