Cherehani cha Emna

Umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana, wanawake bado wakijilamba pilipili ya harisa vidoleni, na vyerehani vyote vya kiwanda pale mjini Ksar Hellal vikazima. Cha Emna kikaendelea.

Dada yake, Mongia, aliyekaa safu ya jirani, aliinama kutazama. Waya ulikuwa umechomolewa. Akamwekea mdogo wake kiganja mgongoni. Moyo ulidunda sawia na sindano, pigo kwa mshono.

"Tangu lini?"

"Tangu nipone Korona. Kinanichosha kidogo tu. Usimwambie mama."

Walikuwa wamefungiwa humo mwezi mzima, wakila na kulala humo humo, washone barakoa bila kuleta ugonjwa kutoka nje. Ufunguo wa lango alikuwa nao msimamizi, Bwana Lotfi. Alikuja, akakisikiliza kile cherehani kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Mashallah. Nani mwingine humu aliwahi kuugua Korona?"

Wasichana wawili wakanyoosha mikono. Mongia, aliyeugua pamoja na Emna chumba kimoja nyumbani, akauacha wake mapajani. Swali halikumkalia sawa. Anayeogopa ugonjwa huuliza nani anaumwa. Huyu anauliza nani kapona.

Umeme ulirudi, lakini safu ya Emna, walikohamishiwa wale wasichana wawili, haikurudishiwa nyaya. Zilikuwa zimeviringishwa vizuri pembeni, zimefungwa utepe, na hapo ndipo Mongia alipozidi kushuku. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Humo kiwandani waliochakaa kwanza ni waliosema.

Midomo ya Emna ikaanza kuwa ya zambarau, na mkono wa kushoto ukawa unamuuma hadi kidoleni. Mongia akampeleka kwa muuguzi wa kiwanda, naye akamlenga kipimajoto kwenye paji la uso.

"Homa hana. Mzima."

"Sikuja kwa homa. Moyo unamsumbua."

"Moyo, umri huu? Waachieni wazee maradhi hayo. Huo ni wasiwasi, mpe chai ya majani ya zaatari."

Mongia akaenda kwa Lotfi, akamwomba afungue lango ampeleke Emna kwa daktari wa moyo mjini Monastir.

"Binti yangu, nje kuna Korona. Unataka kumuua mdogo wako?"

Alisema kwa huruma, na kwa huruma hiyo Mongia akamchukia kabisa.

Wenzao waligundua kwamba wakiimba wimbo wa kubembelezea watoto, sindano ya Emna hupunguza mwendo na rangi humrudia usoni. Wakaimba asubuhi nzima. Lotfi akaleta redio, akaweka nyimbo za harusi, za kasi.

Alhamisi kabla ya adhuhuri Emna alilaza kichwa juu ya barakoa, hakukiinua tena. Lango likafunguliwa. Cherehani hakikusimama.

Baada ya mazishi Mongia alirudi kazini, kwani mama yao alikuwa anakula kwa mikono yao, na sasa mikono ilibaki miwili. Kwenye kiti cha Emna aliketi msichana mgeni, akikilisha kitambaa kile cherehani, moyo wa Emna ukidunda humo ndani kama kawaida yake. Mongia hakuweza kukiangalia. Akashona.

Lotfi alipita, akasimama nyuma yake.

"Na wewe, Mongia, hukuwahi kuugua?"

"Sikuwahi."

Kwa ncha ya kiatu akausogeza chini ya sketi yake waya wa cherehani chake uliokuwa umechomoka tangu asubuhi, akaendelea kushona.