Nyumba Iliyojengwa Njiani

Kila Jumamosi asubuhi wanawake wa kikundi huingia ziwani na reki na mapanga, maji kifuani, wakang'oa magugu maji yanayoelea kufungua njia ya upana wa mtumbwi mmoja hadi zahanati ya ng'ambo. Wanayoyang'oa huyaanika kwenye vichanja vya samaki. Samaki wenyewe siku hizi ni hadithi tu.

Jumamosi moja reki ya kiongozi wao, Mama Reki, iligonga ukuta. Afisa mazingira alikuwa amejenga juu ya magugu, katikati ya njia: nyumba ya matofali, vyumba vitatu, sebule ina zulia. Magugu yaliibeba vizuri tu. Mwenyewe alikuwa barazani na taulo kiunoni, anapiga mswaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, umejenga njiani."

"Njia gani? Hapa pamepimwa. Na muache kung'oang'oa, mnanibomolea msingi."

Haya bwana! Mtu kaajiriwa kuondoa magugu, kayafanya msingi. Kabla wiki haijaisha wakubwa wenzake nao walikuwa wamejenga, wakazungusha uzio, wakaweka geti.

Njia ile Mama Reki alikuwa anaifungua kwa ajili ya bintiye, mjamzito wa mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika Jumatano mchana. Wakampakia mtumbwini, wakafika getini. Mkunga wa zahanati alikuwa ng'ambo ya uzio, wanamwona kabisa, glovu mkononi.

"Fungua, baba, mtoto anakuja!" Mama Reki akamwita mlinzi wa geti.

"Mkubwa amepumzika," mlinzi akasema. "Na ufunguo anao yeye."

Mkunga akawa anapiga kelele kutoka kule: sukuma, pumua, sukuma tena. Binti akasukuma. Mtoto akatoka kimya, na kimya akabaki.

Afisa alitoka na macho ya usingizi. Alisikitika kweli.

"Poleni sana. Nyuma ya jiko langu pana nafasi, mnaweza kumzika hapo."

Mama Reki alimfunga mjukuu wake kwenye khanga, wakageuza mtumbwi.

Jumamosi wanawake waliingia majini kama kawaida. Waling'oa kwa hasira hadi nyumba ikasogea, vyombo vikagongana kabatini. Upepo ukavuma kidogo, ukairudisha palepale njiani.

Afisa akachungulia dirishani, mswaki mdomoni.

"Taratibu basi, mama zangu," akasema. "Wanangu bado wamelala."