Nenosiri la Akaunti Iliyofungwa

Siku niliyomkimbia mume wangu nilipitia benki kwanza. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, kazi yake hiyo, kwa hiyo nilisaini kwa wa kulia nikapewa barua ya mistari miwili: akaunti yangu imefungwa. Niliikunja nikaitia kwenye sidiria. Nilidhani nimemaliza.

Mume wangu alifanya kazi benki hiyo hiyo, makao makuu, ghorofa ya pili, kwenye chumba cha kupokea simu za wateja. Mtaani walimwita Bwana Suti, maana hata kwenda kutupa takataka alivaa koti. Majirani walimpenda sana. Namchukia kwa mengi, lakini kwa hilo la kupendwa namchukia zaidi.

Nilikimbilia kwa shangazi yangu mwenye duka la dobi. Baba alikuwa amegombana naye kabla sijaolewa, hata jina lake halikuwahi kutajwa kwetu, kwa hiyo mume wangu hakujua kama yupo. Shangazi hakuniuliza kitu. Alinipa aproni na rundo la mashuka.

Miezi minane nikalala vizuri. Halafu Jumanne moja, nikinyoosha kola, shaka ikanishika: hivi waliifunga kweli? Nikafungua programu ya benki kwenye simu, nikaandika nenosiri langu la zamani. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Nilicheka peke yangu kama mwehu kwa furaha.

Jumatano ya wiki iliyofuata mume wangu aliingia dukani, akaweka mashati matatu kwenye kaunta.

"Umekosea nenosiri mara mbili, mke wangu," alisema kwa ile sauti yake ya simu. "Ungeniuliza."

Nilirudi nyuma mpaka kwenye rundo la mashuka. Shangazi akatoka nyuma na pasi ya moto mkononi, akasimama kati yetu. Yule bwana akatabasamu, akauliza nguo zitakuwa tayari lini, akaondoka. Mashati yale shangazi aliyafanya matambara ya kufutia sakafu.

Nilihama mara mbili ndani ya miezi minne. Shangazi alichoka kunibebea masanduku, akanisema vibaya, kwamba nitahama mpaka nizeeke huku mume wangu amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka kule benki. Akafunga duka siku nzima akanipeleka makao makuu mwenyewe.

Kijana wa dirishani alikuwa mpole wa kuudhi. Nilimwambia nataka kila kitu changu kifutwe. Akasema haiwezekani, kumbukumbu za kuingia, yaani saa, simu na mahali mteja alipokuwa, hutunzwa miaka saba baada ya akaunti kufungwa. Na ukijaribu kuingia leo, jaribio hilo nalo huandikwa humo humo. Kisha akasoma namba ya simu iliyopo kwenye faili, ile inayopelekewa ujumbe kila mara mtu anapokosea nenosiri. Haikuwa yangu. Mume wangu ndiye aliyenijazia fomu mwaka tulipooana, na mimi nilisaini tu, nikifurahi kuwa na mume anayejua mambo.

Nikauliza ni mfanyakazi gani aliyefungua faili langu baada ya ile Jumanne. Akasema kumbukumbu za wafanyakazi kuangalia mafaili hukaa siku tisini tu, halafu hufutika.

"Yaani mimi miaka saba," nikamwambia, "na yeye siku tisini."

Akasema ndio utaratibu. Shangazi akamuuliza mkubwa wake ni nani, kwa namna iliyomfanya kijana anyanyuke mwenyewe kutupeleka.

Mkubwa huyo, mkaguzi wa ndani wa benki, alikuwa mama wa makamo, chumba chake kiko chini, mlango wa kioo ukitazama ukumbi wa wateja. Hakunipenda, na mimi sikumpenda. Alisikiliza akizungusha kalamu, akasema mfanyakazi huyo ana miaka kumi na mmoja bila doa, na mambo ya mume na mke yazungumzwe nyumbani. Namba ya simu kwenye fomu si kosa. Bila kumbukumbu hana la kufanya.

Nilitaka kumrushia kalamu yake. Badala yake nikamuuliza: mfanyakazi akifungua faili la akaunti iliyofungwa sasa hivi, bila mteja kumpigia, utaona?

"Nitaona hapo hapo," alisema. "Lakini afungue kwa sababu gani?"

Nikatoa simu. Nilijua ninachofanya: namwambia mtu aliyenivunja mkono mahali nilipokaa. Nikaandika lile nenosiri. Ikakataa. Nikaandika tena.

Tukangoja. Mkaguzi alianza kusoma karatasi nyingine ili nijue napoteza muda wake. Dakika ya nne akaiweka chini. Akasogeza uso karibu na kompyuta, akasoma namba ya mfanyakazi polepole, akachukua simu ya mezani kuuliza kama ghorofa ya pili wamepokea simu ya mteja mwenye jina langu. Hawakupokea. Akaandika saa kwenye daftari. Hakuniomba radhi, na mimi sikuingojea.

"Panda ukamwite," alimwambia kijana wa dirishani, ambaye bado alikuwa nasi.

Haikuwa lazima. Kupitia kioo tukamwona anashuka ngazi mwenyewe, mbio, anapita katikati ya wateja akikagua nyuso za wanawake mmoja mmoja. Hakuwa na koti. Miaka yote ile sikuwahi kumwona hadharani bila koti.

Aliponiona akasukuma mlango, akaninyooshea kidole, halafu akamwona mkaguzi. Kidole kikashuka. Sauti ya simu ikarudi.

"Samahani mama," alimwambia mkaguzi. "Huyu ni mke wangu, hajiwezi kichwani. Akaunti yake yenyewe ilishafungwa zamani."

"Imefungwa," nikasema. "Sasa wewe ulikuwa unatafuta nini humo?"

Alimtazama mkaguzi, akatazama kompyuta. Mkaguzi alifunua ukurasa mpya wa daftari, akamwambia aketi, na kwamba swali hilo hilo atalijibu kwa maandishi.