Kamera Inayopona

Asubuhi kamera ilipoletwa, fundi wa kuchonga herufi alikuwa anasahihisha kikombe cha mashindano ya mpira. Alikuwa amekiandika "Mshindi wa Pili", na wenyewe walikuwa wa kwanza. Alikikwangua kwa tindo nyembamba, ulimi umechomoza pembeni mwa mdomo, huku fundi saa, aliyepanga naye chumba kimoja cha duka, akimshauri awaachie hivyo hivyo.

"Watajifunza unyenyekevu," alisema fundi saa.

"Watajifunza kutonilipa."

Mteja aliyeingia alikuwa mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka ncha za kola. Alibeba kamera kwa mikono miwili, kama mtu anayevusha bakuli la supu ya moto. Ilikuwa kamera ya filamu, ya zamani, mwili wake wote chuma. Mng'aro ulikuwa umefifia kwenye pembe, na upande wa kulia, pale kidole gumba kinapokaa, chuma kilikuwa kimelika mpaka shaba ya ndani ikajitokeza. Kilikuwa kishimo chembamba, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

"Ya marehemu mzee wangu," alisema mteja. "Mji huu wote ulipita mbele ya kamera hii. Jumamosi tunafungua maonyesho ya picha zake ukumbini, na yenyewe itakaa katikati. Nataka jina lake hapa juu, mtu alisome akiwa amesimama."

Fundi alimpa karatasi aliandike mwenyewe, kisha akamwomba alisome herufi moja moja kwa sauti. Ule ulikuwa utaratibu mpya, ulioanza na kile kikombe. Mteja alipoondoka, alifungua skrubu akatoa bamba la juu, maana mtikisiko wa tindo ungeweza kuvisumbua vioo vya ndani. Alilishika kiganjani mpaka likapata joto la mkono wake, kama anavyofanya kwa kila chuma, kisha akachonga. Akajaza rangi nyeusi kwenye herufi, akafuta iliyozidi, akalirudisha bamba mahali pake. Kazi ilitoka safi. Akaiweka kamera rafuni rangi ikauke.

Kesho yake herufi zilikuwa zimepona.

Alitafuta neno lingine hakulipata. Mahali pa jina palikuwa na mistari ya waridi, myembamba, kama goti la mtoto wiki mbili baada ya kuanguka. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka na kudondoka rafuni, kila kigaga na umbo la herufi yake. Alivikusanya kwa ncha ya kidole akaviweka kwenye kisahani.

"Chuma huwa kinapona?" alimuuliza fundi saa.

"Inategemea kimeumia vipi."

Akampigia simu mteja. "Jina limepona," alimwambia.

"Limepona kabisa, au bado panaonekana?"

"Kabisa."

"Basi lichonge tena. Safari hii zamisha."

Alizamisha. Siku iliyofuata jina halikuwepo tena na bamba lilikuwa limevimba, na alipoweka mkono juu yake lilichemka kama paji la uso la mwenye homa. Alilifunika kwa kitambaa kibichi. Alinoa tindo upya, akaijaribu kwenye kipande cha bati; ikakata vizuri, na bati likabaki limekatwa. Kwa hiyo tatizo halikuwa tindo, wala mkono. Lilikuwa nini, hakujua, na hakuna fundi mwenzake ambaye angemuuliza bila kuonekana kituko.

"Labda halipendi hilo jina," alisema fundi saa. "Jaribu langu."

Akalichonga jina la fundi saa pembeni, kwa herufi ndogo. Kabla hawajamaliza chai lilikuwa limefutika, bila hata kovu.

"Hata mimi?" alisema fundi saa, na uso wake ulionyesha kwamba yamemgusa kweli. Hakutania tena mpaka mchana.

Siku moja kabla ya maonyesho aliingia mama mmoja mwembamba, mrefu, mkanda wa ngozi umening'inia mkononi.

"Nimeambiwa kamera inaumwa," alisema. "Mimi ni shangazi yake yule aliyeileta. Nimeleta mkanda wake. Huwa inalala nao."

Fundi alimvutia kiti. Shangazi aliipokea kamera bila kuitazama, kidole gumba kikaingia kwenye kile kishimo cha shaba kama mguu unavyoingia kwenye kiatu cha siku zote. Uvimbe ukashuka wanautazama. Ukabaki ubaridi wa kawaida wa chuma.

"Kumbe ni yako, shangazi," alisema fundi.

"Ni ya kaka. Alinunua yeye."

"Picha alipiga nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Kaka mikono ilikuwa inamtetemeka. Alikaa mbele, akawapokea watu, akawakalisha, akawachekesha. Alikuwa hodari wa kuchekesha. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera na nyuma ya pazia, nasafisha filamu. Mhuri wa nyuma ya picha ulikuwa na jina lake, kwa sababu studio ilikuwa yake."

"Kwa hiyo kamera ni yako."

"Mbona husikii, binti? Nimesema ni ya kaka."

Fundi alimtazama fundi saa ili amsaidie. Fundi saa alikuwa ameingiza kichwa kizima ndani ya saa ya ukutani.

"Kesho ukumbini," fundi alianza tena, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani, "chini ya kila picha kuna jina la nani?"

"La kaka."

"Na wewe je?"

"Nimeshonewa gauni. Nitakaa mstari wa mbele, na familia." Aliizungusha kamera mapajani, akaifuta mahali pasipo na vumbi. "Yule mtoto nimemlea mimi. Nilimwambia, weka hata mahali padogo, useme shangazi alishika kamera. Akaniambia, shangazi, watu watachanganyikiwa."

Saa za ukutani ziligonga, kila moja kwa wakati wake.

"Chonga langu," alisema shangazi ghafla. "Huku chini, kwenye tako la kamera. Dogo tu. Nione linavyokuwa."

Alilitaja herufi moja moja. Fundi alipogusa bamba la chini kwa ncha ya tindo hakuhitaji nguvu. Chuma kilifunguka chenyewe mbele ya ncha, kama sabuni iliyolowa, na baadhi ya herufi zilimtangulia, ikabidi azifuate. Zilijaa weusi bila rangi. Walingoja mpaka jioni. Halikupona. Shangazi alipitisha kidole juu yake mara nyingi, mdomo unatembea bila sauti, kama anayejifunza kusoma.

Mpwa alikuja kuichukua kabla duka halijafungwa. Fundi alikuwa ameshapanga maneno ya kujitetea. Mpwa aliigeuza kamera, akalisoma jina la shangazi yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri sana," alisema. "Tena herufi zimekaa kuliko zile zako za juu. Na huku chini hakuna atakayeona, maana itakaa juu ya kitambaa. Umefurahi, shangazi?"

"Nimefurahi," alisema shangazi.

"Haya. Sasa la mzee."

"La mzee halikai," alisema fundi.

"Linakaa muda gani?"

"Mpaka jioni, likizama."

"Sisi tunafunga alasiri," alisema mpwa. "Njoo kila asubuhi, kabla ya kufungua."

Fundi alitafuta kasoro katika mpango huo, akaona zipo nyingi, lakini kila aliyoikamata ilimponyoka kabla hajaisema. Mtu kaomba jina kwenye chuma, na yeye ni mchonga majina. Akakubali.

Maonyesho yakapendwa, yakaongezewa muda, kisha yakaachwa yawe ya kudumu. Watu walisimama mbele ya maharusi, mbele ya watoto waliovishwa soksi ndefu, mbele ya wazee waliokaa wima kama wanaopimwa urefu, wakasema yule bwana alikuwa na jicho. Wengine waliuliza juu ya mama mrefu mwenye gauni la kijani anayekaa kwenye kiti karibu na sanduku la kioo. Mlinzi aliwajibu kwamba ndiye mtunza kamera, na kwamba kioo hakiguswi.

Kila asubuhi fundi hufika na mkoba wake. Siku ya kwanza alijaribu kuchonga kamera ikiwa mezani, ikaruka kila tindo ilipogusa, na herufi moja ikapinda. Tangu hapo humwomba shangazi aishike. Shangazi huipakata, huizungushia mkono mmoja, kidole gumba kwenye kishimo chake, na kiganja cha mkono wa pili hukiweka chini, juu ya jina lake mwenyewe. Kamera hutulia.

"Taratibu hapo kwenye herufi ya kwanza," husema. "Jana uliiumiza."

"Samahani," hujibu fundi, na mpaka leo hajajua anamwomba nani.

Kisha huchonga jina la kaka. Shangazi hugeuza uso ukutani, kama wazazi wanavyogeuza uso mtoto anapochomwa sindano, na mkono wake haulegei.

"Maliza, binti," husema. "Watu wameshajaa mlangoni."